Saa ya wa Nne

Kanuni ilisomwa bandarini Wete, jua halijakaa sawa,
na mtu mwenye kipaza sauti kinachokwaruza:
wanne mwende, wanne mfike,
saa haisimami mpaka wa nne aguse nguzo.
Tukacheka. Kila mmoja alidhani wa nne ni mwingine.

Faki, fundi baiskeli wa Jadida.
Bikombo, muuguzi, zamu ya usiku bado iko machoni.
Time binti Shaame, hana kazi, ana mbio.
Na mimi, mwalimu wa jiografia, kidato cha tatu,
nahodha kwa sababu ramani ilikuwa yangu.

Mtumbwini nilihesabu makasia, moja, mbili,
maji mazito kama uji wa jana,
na timu ya Mkoani ikatupita imevaa glavu.
Glavu, yakhe, kama wanakwenda kupasua mtu!
Bikombo akasema: "Glavu nazijua mie. Piga kasia."

Gando tukapanda baiskeli.
Kando ya njia karafuu zimeanikwa majamvini,
na bibi mmoja, fagio mkononi,
hatushangilii, anatuhesabu:
"Nyie wa kumi na moja. Na ole wenu gurudumu liguse jamvi."
Mnyororo wangu ukakatika mbele yake.
Faki aliunga kwa msumari na meno,
girisi ikamchora pete nyeusi mdomoni,
na bibi hakunyamaza: kumi na mbili,
kumi na tatu.

Kisha Ngezi.
Msitu huu nimeufundisha miaka tisa,
nimeuchora ubaoni kwa chaki ya kijani,
watoto wakaukariri, wakapata alama.
Chaki haina mizizi.
Chaki haina popo wanaoning'inia mchana
kama miavuli iliyosahauliwa msikitini.
Kushoto, nikasema. Tukaenda kushoto.
Kushoto kukaturudisha kwenye mti uleule,
wenye kovu lilelile.
Mara ya tatu Time hakusema kitu,
alinyoosha mkono tu, kama mwanafunzi,
na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kumwambia ashushe.
"Mwalimu," akasema, "bahari inasikika kulia."
Ramani nilikuwa nimeikamata kwa nguvu
hata jasho limeshaila pwani yote.

Tukaenda kulia. Hapo paja likakaza,
nikaanguka kwenye majani mabichi nikitafuna kelele.
Bikombo akakanda, akakanda, akaacha,
akatoa mkobani kamba ya usumba.
Kaisokota mama yake, kwa makumbi
yaliyofukiwa topeni miezi na miezi
mpaka kikaoza kila kitu isipokuwa uzi.
Ncha moja akajifunga kiunoni.
Ya pili akanitazama nayo.
Kwetu kamba hii hufungiwa mbuzi.
Niacheni, nikasema, nendeni mfike, nitawakuta.
Faki na mdomo wake mweusi:
"Tukikuacha, tutakuwa tumefika wapi?"

Nimevutwa. Mimi nahodha nimevutwa
juu ya mchanga wa Vumawimbi
mbele ya darasa langu zima, lililoletwa kwa gari la shule,
na mmoja, namjua, yule wa dawati la nyuma,
akapaza sauti: "Mwalimu, kushoto au kulia?"
Pwani ikaangua kicheko.
Nikacheka na mimi, na msuli ukalegea
kwa kicheko kuliko kwa kukandwa.

Watatu wao waligusa nguzo.
Mkono wangu ulibakisha shubiri moja,
saa inahesabu,
nami sikuharakisha.
Nilitaka kuisikia kidogo
saa iliyokuwa ikinisubiri mimi,
na wao watatu, wamechoka, hawanihimizi,
Bikombo kamba bado kiunoni.

Kisha nikagusa.
Wa kumi na saba, alisema mtu wa kipaza sauti.
Faki akatema girisi.